Sura ya Saba: Herufi za Mwitongo

Andika MWITONGO kwa herufi kubwa, kisha uzitawanye: M, W, I, T, O, N, G, O. Ni herufi nane, na O imo mara mbili. Sasa tafuta humo neno refu la Kiingereza kadiri uwezavyo, bila kuazima herufi ya nje. Mchezo huu watoto wengi wa shule zetu wameucheza ubaoni, kipindi kikiwa kimebakiza dakika chache na mwalimu hana hamu ya kuanza mada mpya. Neno kubwa linaandikwa juu, nao wanachomoa vijineno vyake hadi kengele ilie.

Asiyeuzoea huanza na macho. Huona "go", "no" na "to". Akijikaza hupata "into", labda "moon". Hapo hukwama, na si kwa sababu hajui Kiingereza. Amekwama kwa sababu anazitazama herufi mojamoja, na herufi hizo nane zinaweza kupangwa kwa namna 20,160 tofauti. Hakuna jicho linaloweza kupita katika msitu huo.

Aliyeuzoea huanza kwa kutoa. Akiziona I, N na G, hahangaiki nazo tena: anazifunga pamoja na kuziweka kando, mkono wa kulia, kwa kuwa anajua mahali pake ni mwisho wa neno. Zimebaki M, W, T, O, O. Sasa hatafuti neno refu, anatafuta kitenzi kifupi. "Mow", kufyeka nyasi: "mowing". "Tow", kukokota gari bovu: "towing". "Woo", kutongoza: "wooing". Na kuna "moot", kuleta hoja mezani, ambalo ni la watu wa mabunge na mahakama: "mooting", herufi saba, imebaki W peke yake. Akitaka, analifungua lile fungu la -ing na kufunga jingine, T-I-O-N, halafu M na O zinaingia mbele yake zenyewe: "motion". Hata hiyo ni hoja ya bungeni. Saba kati ya nane si haba kwa jina la Kizanaki ambalo halikuwahi kukusudia kuwa Kiingereza.

Siri yote ya kuwinda maneno marefu ya Kiingereza ni hiyo, na sura hii haina siri nyingine. Herufi za lugha ile hutembea kwa makundi kama ng'ombe wa Mara, na kila kundi lina chapa yake: -tion, -ness, -able, -ment, -ously kwa nyuma, un-, re-, over-, inter-, counter- kwa mbele. Q hutembea na U. Anayetafuta neno refu lenye herufi fulani hamfuati ng'ombe mmoja porini, hutafuta kundi lake. Ninachotaka kuongeza ni kwamba Mswahili, kinyume na anavyodhani mwenyewe, ameumbiwa kazi hii. Tangu alipoanza kusema anakata na kuunga viambishi mdomoni bila kufundishwa. Mtoto wa darasa la pili anayesema "hawajatupikia" ametumia vipande saba bila kutoa jasho. Akifika kwenye "uncomfortably" anaogopa, kumbe ni vipande vinne tu: un-, comfort, -abl-, -y.

Hakuna mahali pazuri zaidi pa kulitazama jambo hili kuliko Mwitongo yenyewe. Pale Butiama, katikati ya miamba mikubwa, yapo makaburi ya ukoo, nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere na makumbusho yenye jina lake. Wageni huenda kuona kiti, fimbo na zawadi za marais. Kwa mwandishi wa kitabu kama hiki, kinachovuta zaidi ni kwamba mtu aliyezaliwa hapo mwaka 1922 akiongea Kizanaki, aliyekikuta Kiswahili shuleni Mwisenge, Musoma, alikoanza mwaka 1934, na Kiingereza baada yake, aliishia kuwa mtu wa kuhesabu silabi. Kazi ya urais ilimpa visingizio vyote vya kutofanya hivyo. Hata hivyo, mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ikatoka tafsiri yake nyingine ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi.

Litazame hilo jina, Juliasi Kaizari, kama fundi atazamavyo kiungo. C ya Kirumi imeondoka, ikaingia K. S ya mwisho wa jina la kwanza imepewa I, na R ya mwisho wa jina la pili nayo ikapewa I, ili isibaki konsonanti inayoning'inia. Mdomo wa Kiswahili unataka neno liishie kwa irabu, na Mwalimu aliutii hata kwa jina lililokuwa lake mwenyewe tangu abatizwe Nyegina mwaka 1943. Katika maisha ya kawaida aliendelea kuandika Julius. Kwenye ushairi hakujipendelea.

Shakespeare naye alikuwa na neno lake refu. Katika tamthilia ya Love's Labour's Lost, mhusika mmoja wa kuchekesha analitamka "honorificabilitudinitatibus", herufi 27. Ni Kilatini cha enzi za kati kilichovutwa hadi kikakaribia kukatika, chenye maana ya kuwa katika hali ya kustahili heshima. Wawindaji wa maneno wanalithamini kwa kitu kimoja: kuanzia mwanzo hadi mwisho, konsonanti na irabu zinapokezana bila kuteleza hata mara moja. Lisome taratibu: ho-no-ri-fi-ka-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bus. Silabi 13, na ukiondoa ile S ya mwisho, kila moja ni silabi ambayo mtoto wa Bunda anaisoma siku ya kwanza ya kujifunza a-e-i-o-u. Neno linalomtisha Mwingereza kuliko yote katika Shakespeare ndilo lililo jepesi kuliko yote kwa mdomo wetu. Kinachotutoa jasho sisi ni "strengths", herufi tisa zenye irabu moja tu katikati, S-T-R zikiibana kwa mbele na N-G-T-H-S kwa nyuma. Bahati mbaya, tamthilia hiyo Mwalimu hakuitafsiri.

Alichokabiliana nacho ni tatizo la upande wa pili. Mstari wa Shakespeare una silabi kumi hivi, na Mwingereza anaweza kuingiza humo maneno kumi ya silabi mojamoja. Sisi je? Chukua jina la pili la safari yetu, BUTIAMA, uzitawanye herufi zake. Kwa Kiingereza utaambulia "ambit" na kuchoka. Kwa Kiswahili unapata "mauti", "tumia", na kwa herufi sita "tambua". Sasa uache ubao, ulipeleke "tambua" mdomoni. Tambulisha. Tambulishia. Watambulishia. Atawatambulishia. Atakapowatambulishia: a-ta-ka-po-wa-ta-mbu-li-shi-a. Mizani kumi kamili, herufi 20, na hapo tumejaza mstari mzima wa Shakespeare kwa neno moja lisilosema bado ni nani anatambulishwa wala kwa nini. Mtafsiri anayefanya kazi kwa mistari isiyo na vina, kama alivyofanya Mwalimu, lazima achague kila mara: akivunje Kiswahili kiwe vipande vifupi kisichosikika kama Kiswahili, au akiachie kirefuke na mistari iongezeke. Baadaye, aliposimulia Injili kwa tenzi, vitabu vilivyotoka mwaka 1996, alirudi kwenye mizani nane za utenzi ambako hakuna pa kuongezea. Ukizisoma tenzi hizo, hesabu kwa vidole. Utaona jinsi kila kiambishi kilivyolipiwa kodi.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya lugha hizi mbili inapojitokeza, na ndiyo inayowapoteza wanaouhamisha mchezo wa Kiingereza kuja Kiswahili bila kufikiri. Neno refu la Kiingereza limo ndani ya kamusi. Limekaa pale likisubiri, na anayejua herufi zake anaweza kulifukua. "Atakapowatambulishia" halimo katika kamusi yoyote. Kamusi ya Frederick Johnson na wenzake wa Kamati ya Lugha, iliyotoka mwaka 1939, ilipanga mizizi ya vitenzi na kuyaweka manyambuliko chini yake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 nayo haikujaribu kuorodhesha kila umbo, kwa sababu hakuna karatasi ya kutosha. Neno letu refu hutengenezwa linapohitajika na huvunjwa likishatumika. Kulitafuta kamusini ni kazi bure.

Kwa hiyo baadhi ya mawindo yanayowapa Waingereza sifa, kwetu hayana thamani. Wao hufurahia neno lenye irabu zote tano. "Education" linazo. "Facetious" linazo kwa mpangilio wa alfabeti, A, E, I, O, U, na kwa hilo limekuwa maarufu kuliko maana yake, ambayo ni mzaha wa mahali pasipofaa. Kwetu ukisema "waliotuelekeza" umeshazimaliza zote tano, nawe ulikuwa unataka tu kushukuru. Hakuna atakayekupigia makofi.

Ukitaka windo gumu la Kiswahili, geuza. Tafuta neno refu lisilo na A. Mwaka 1939 Mmarekani Ernest Vincent Wright alichapisha riwaya nzima, Gadsby, isiyo na herufi E, ambayo ndiyo inayotumika kuliko zote katika Kiingereza. A ndiyo E yetu. Karibu kila kitenzi huishia nayo, wakati uliopo unaibeba, wakati ujao unaibeba, na viunganishi na vimilikishi vimeijaa. Kuikwepa ni kazi ya kweli. "Kiongozi" linakwepa. "Utegemezi", herufi tisa. "Mwenyekiti", herufi kumi, na ni cheo alichokishika Mwalimu katika CCM hadi mwaka 1990, miaka mitano baada ya kuachia urais. "Kizunguzungu" lina kumi na mbili, na "kinyumenyume" vilevile, ingawa hayo mawili yanapata urefu wake kwa kujirudia na mpinzani mkali anaweza kulalamika. Mimi ningeyakubali.

Kwenye Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vipande vya herufi, ndipo mambo haya yanapata bei. Mmarekani Alfred Butts, mchora ramani za majengo aliyekuwa hana kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alizihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue kila moja inaonekana mara ngapi. Kwa hesabu hiyo akagawa vipande na alama: E 12, A tisa, na kwa upande wa pili K moja tu yenye alama tano, Q moja na Z moja zenye alama kumi kila moja. Magazeti aliyoyahesabu yalikuwa ya Kiingereza. Lete seti hiyo kwenye meza ya Musoma mjini, waambie watu wacheze Kiswahili, uone. K inayolipwa alama tano kama kitu adimu! "Kakakuona" peke yake linataka K tatu, kwa hiyo litakula kipande chenye K na vile viwili vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote, na mchezo mzima hautakuwa na K nyingine. Q na X zitabaki mikononi hadi mwisho. C itakaa ikimsubiri H. Na ugomvi wa kweli utaanza mtu atakapoweka "wakitambulishwa" na mwenzake akadai aonyeshwe kamusini.

Kwa Kiingereza, hata hivyo, watu wa bara hili wamecheza kwa kiwango cha juu. Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya chama cha WESPA yalifanyika Nairobi. Miaka miwili kabla, huko Perth, Australia, Mnigeria Wellington Jighere alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, akimshinda Mwingereza Lewis Mackay michezo minne kwa bila. Wanigeria walikuwa wamejizoeza jambo ambalo wapenda maneno marefu hawalipendi kulisikia: neno la herufi tano lililowekwa mahali pazuri, huku herufi nzuri zikibakizwa mkononi, mara nyingi linalipa kuliko kumaliza saba zote kwa pupa.

Herufi nzuri ni zipi? Wachezaji wa daraja hilo wana vifungu wanavyovijua kama Mwislamu anavyozijua sura fupi. Kimojawapo ni A, E, I, N, S, T. Ukishazishika herufi hizo sita, unasubiri ya saba. Ikija D, ni "instead". Ikija G, ni "seating" au "teasing". L huleta "entails". R huleta "retains", "nastier" na mengine kadhaa. Hawakariri maneno kwa jinsi yanavyotamkwa, wanayakariri kwa herufi zake zilizopangwa kialfabeti, kwa sababu hivyo ndivyo unavyozipanga kwenye kibao chako cha mkononi. Programu za kompyuta za kutafuta maneno hufanya vivyo hivyo. Zinachukua kila neno la orodha na kulipanga: "mooting" inakuwa GIMNOOT. MWITONGO inakuwa GIMNOOTW. Ukiziona hivyo, moja juu ya nyingine, jibu lililomsumbua mwanafunzi ubaoni linaonekana waziwazi: ni kuidondosha W. Kompyuta haina akili hapo, ina subira na mpangilio tu, na vyote viwili mtu anaweza kuvipata kwa penseli.

Na kuna pahali ambapo Mswahili anaingia na mtaji ambao mchezaji wa London hana. Q bila U ni balaa kwa Mwingereza. Ukimaliza mchezo ukiwa nayo, unakatwa alama kumi na mpinzani anaongezewa. Lakini orodha ya Collins inayotumika kimataifa imejaa maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiingereza na Q yake, na sisi tunayo mengi nyumbani kwa K. "Qadi" ni kadhi, "qibla" ni kibla, "faqir" ni fakiri, "talaq" ni talaka. "Qanun" ni ile kanuni ya kwenye taarabu, yenye nyuzi nyingi. "Qat" ni mirungi, ambayo sheria yetu inaikataza kutafunwa lakini haikatazi kuwekwa ubaoni. Waingereza hukariri orodha hiyo kwa shida, kama namba za simu. Aliyekulia Pangani au Ujiji anahitaji kujua tu kwamba K fulani za kwao, Waingereza wameziandika kwa Q.

Kiswahili chenyewe nacho kimekikopesha Kiingereza. Kamusi kubwa ya Oxford ya Kiingereza ina "safari", ina "uhuru" na ina "ujamaa". Hilo la mwisho, kwa maana linayopewa humo, lilisafiri nje kwa sababu ya siasa za mtu wa Mwitongo na Azimio la Arusha la Februari 1967. Lina A tatu na J. Mchezaji aliyejaziwa irabu mkononi angelishukuru.

Sijasema lolote bado kuhusu neno refu kuliko yote. Linalotajwa sana ni "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", herufi 45. Halikutoka hospitalini. Lilizuka mwaka 1935 katika chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, likibuniwa na rais wake, Everett Smith, kwa shabaha moja tu ya kuwa refu. Magazeti yakalidaka, kamusi zikafuata. Oxford wenyewe wanaeleza kwamba ni neno la kutengenezwa. Kwa njia tuliyokwisha kuiona, halina ugumu: pneumono, ya mapafu, ultra-microscopic, dogo kupita uwezo wa hadubini, silico, la silika, volcano, imewekwa zaidi kwa ajili ya kurefusha, coniosis, ugonjwa wa vumbi. Ni jina la kuchezea la ugonjwa wa kweli, ambao madaktari huuita silikosisi.

Ugonjwa huo una makao katika wilaya hiihii. Buhemba imo ndani ya Wilaya ya Butiama, na dhahabu imechimbwa huko tangu enzi za ukoloni. Dhahabu ya mwamba hukaa ndani ya jiwe jeupe, na jiwe hilo jeupe sehemu kubwa yake ni silika. Mchimbaji mdogo akishalitoa duarani, jiwe hupondwa kwa nyundo hadi liwe kokoto, kisha huingia kwenye karasha na kutoka likiwa unga, ndipo liende mwaloni kuoshwa. Hatua ya kuponda na kusaga, ikifanywa jiwe likiwa kavu, huinua vumbi lililo laini kama unga wa muhogo. Chembe kubwa hukoholewa zikatoka. Zile ndogo zaidi hushuka hadi mwisho wa mapafu na kukaa, na mwili unapojaribu kuzizungushia ukuta, mapafu hujaa makovu. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, na huendelea hata mtu akiacha kazi. Aliyeyapata yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, na kwa kuwa dalili hufanana, kikohozi, kukonda, pumzi fupi, mara nyingi anayekwenda zahanati hutazamwa kama mgonjwa wa kifua kikuu peke yake. Kinga ya kwanza ni maji: kulilowesha jiwe kabla ya kulipiga na wakati wa kulisaga. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo.

Hilo neno la herufi 45 haliwezi kuchezwa kwenye Scrabble. Ubao una vyumba 15 kwa 15, na neno refu linaloweza kuingia ni la herufi 15, kama "uncopyrightable", ambalo halirudii herufi hata moja. "Silicosis" linaingia, ila linataka S tatu kati ya nne zilizomo katika seti nzima, na mchezaji mzuri huzibakiza S kwa ajili ya kuunga wingi kwenye maneno ya wenzake. Bila vyumba vya kuzidisha, alama zake ni 11. "Qat" ina 12.